Chungu cha mama na tumbo la mchezaji

Siku ya posho ya juma lililopita nilikuwa kando ya uwanja, huku kwetu Luano, nikingoja binti yangu amalize mazoezi. Ndege ikapita juu yetu ikienda kutua, vumbi likapanda, na wasichana hawakuinua hata kichwa. Wamezoea. Mazoezi yalipoisha, mama mmoja wa chama chetu akanivuta pembeni, akafungua mfuko wake na kunionyesha kopo kubwa lenye picha ya mwanaume mwenye mikono minene kama mapaja. Ndani yake mna unga wa kutia nguvu. Mtu anayewafundisha watoto amesema kila anayetaka kufika mbali anywe unga huo asubuhi na jioni, tena aache bukari, kwa sababu bukari inatia uzito tumboni. Kopo lile moja linazidi bei ya mfuko wa unga wa mahindi wa kilo 25.

"Yaya, wewe ulifanya kazi ya hospitali," akaniambia. "Ni kweli hayo?"

Sikumjibu papo hapo. Nilimwomba juma moja nisome. Nimeona niwaandikie wote, maana najua si yeye peke yake. Tangu wasichana wa TP Mazembe walipochukua kombe la Afrika la klabu za wanawake kule Morocco, tarehe 23 Novemba 2024, kwa kuwafunga AS FAR 1-0, kila nyumba yenye msichana ina mchezaji. Na kila nyumba yenye mchezaji inapigiwa hodi na mtu mwenye kitu cha kuuza.

Nilipokuwa nasomea uuguzi tulifundishwa kwamba bakteria ni adui: anasababisha kipindupindu, anasababisha homa ya matumbo, muue. Mafundisho hayo si ya uongo, ila yalikuwa nusu. Katika utumbo mpana wa kila mmoja wetu wanaishi bakteria kwa matrilioni, wa aina mamia, na wengi wao ni wapangaji wanaolipa kodi. Chakula kinapofika huko chini, sukari na sehemu kubwa ya wanga imekwisha kunyonywa juu. Kinachobaki ni nyuzinyuzi, yaani zile sehemu ngumu za majani, maharagi, mihogo na mahindi ambazo tumbo letu haliwezi kuzivunja. Bakteria wanaziweza. Wanazichachusha kama uji unavyochachuka ndani ya mtungi wa munkoyo, na wakimaliza wanaacha asidi ndogo ndogo tatu: aseteti, propioneti na butireti. Butireti ndiyo chakula kikuu cha ukuta wa utumbo mpana wenyewe. Karibu asilimia 70 ya nguvu ambayo ukuta huo unatumia inatoka hapo. Hizo nyingine zinaingia kwenye damu, zinafika kwenye ini na kwenye misuli, na mwili unazitumia kama kuni.

Basi wataalamu walijiuliza: je, mkimbiaji hodari ana bakteria wa namna yake?

Mwaka 2015, Jonathan Scheiman wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani alifanya kazi ambayo sidhani mama yake aliisimulia kanisani. Alizunguka mji wa Boston na gari akikusanya choo cha wakimbiaji. Watu 15 waliokuwa wanajiandaa kwa marathoni ya Boston, pamoja na watu 10 wasiokimbia, walimpa sampuli zao kwa juma moja kabla ya mbio na juma moja baada yake. Aliporudi maabara na kuhesabu, akaona aina moja ya bakteria imeongezeka kwa wakimbiaji baada ya mbio: inaitwa Veillonella.

Bakteria huyu ana tabia ya pekee. Misuli ikifanya kazi kwa nguvu inatoa kitu kinachoitwa lakteti, ambayo inaingia kwenye damu, na kumbe nyingine inavuka mpaka ndani ya utumbo. Veillonella anaila lakteti hiyo na kuigeuza kuwa propioneti. Watafiti walichukua Veillonella kutoka kwa mkimbiaji mmoja, wakawapa panya wa maabara, wakawaweka kwenye mashine ya kukimbilia. Panya wale walikimbia kwa muda mrefu zaidi kwa asilimia 13 kuliko walipopewa bakteria wa aina nyingine. Halafu wakajaribu propioneti peke yake, wakaipitisha kwa njia ya haja kubwa (bibi zetu wangesema hilo tulilijua zamani), na hapo pia panya wakaongeza mwendo. Haya yalichapishwa mwaka 2019 katika jarida la Nature Medicine.

Ni habari tamu, ila panya si msichana wa miaka 14. Tena Scheiman baadaye alishiriki kuanzisha kampuni ya kuuza bakteria kama hao, kwa hiyo hata Harvard ina watu wa makopo.

Watafiti wa Cork, huko Ireland, walikuwa wametangulia. Mwaka 2014 walitoa matokeo juu ya wachezaji 40 wa raga wa kulipwa, na wakakuta kwamba matumbo yao yana bakteria wa aina nyingi kuliko ya wanaume wa kawaida. Aina nyingi ni dalili njema, kama shamba lenye mahindi, maharagi na maboga pamoja. Lakini wachezaji hao walikula tofauti na wenzao, hasa protini nyingi, na hivyo haikuwezekana kusema ni mazoezi yaliyoleta bakteria au ni sahani. Swali hilo linawasumbua mpaka leo. Mchezaji hodari ana tumbo zuri kwa sababu anacheza, au anacheza vizuri kwa sababu ana tumbo zuri? Labda yote mawili yanasukumana.

Utafiti ulionigusa mimi ni wa Wafaransa, wa mwaka 2019. Waliwapa panya antibiotiki mpaka bakteria wa tumboni wakaisha karibu wote, halafu wakapima uvumilivu wao. Panya wakachoka mapema. Hata sukari ya akiba ndani ya misuli ilikuwa imepungua. Waliporudishiwa bakteria, uvumilivu ukarudi.

Nilisimama kusoma hapo. Mwaka jana binti yangu aliharisha siku mbili kabla ya mechi, nami nilikuwa Likasi kwenye matanga. Shangazi yake akakimbilia duka la dawa, akarudi na vidonge vya antibiotiki bila karatasi ya daktari yeyote. Kuhara kukakoma. Siku ya mechi mtoto alicheza dakika 20, akaomba kutoka, akasema miguu imeisha. Siwezi kuapa kwamba ni vidonge, kwa maana kuhara kwenyewe kunatosha kummaliza mtoto. Ninachojua kama muuguzi ni kwamba kuhara kwingi kwa watoto hakuhitaji antibiotiki; kunahitaji maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, na zinki, na jicho la mama. Antibiotiki zinaokoa maisha pale zinapotakiwa. Pale zisipotakiwa tunachoma shamba zima ili kuua panya mmoja, na shamba hilo linachukua majuma, mara nyingine miezi, kuota tena.

Sasa nirudi kwenye bukari, maana hilo ndilo swali niliulizwa. Twende Kenya. Nasema nchi ya Kenya, si komini yetu ya Kenya, ingawa na huko sokoni kwake tutarudi.

Mwaka 2004, Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzake, akiwamo Yannis Pitsiladis, walichapisha kazi waliyoifanya kambini kwa wakimbiaji 10 hodari wa Kikalenjin, watu wa kiwango cha mashindano ya dunia. Kwa siku saba walipima kila kilichoingia kinywani. Unadhani walikuta makopo? Walikuta ugali, ambayo ni bukari yetu kwa jina la huko. Walikuta wali, viazi, uji, mkate, kabichi, maharagi, na chai ya maziwa yenye sukari nyingi. Nyama ya ng'ombe mara nne tu kwa juma. Katika nguvu yote waliyokula, asilimia 76.5 ilitoka kwenye wanga, na protini ilikuwa asilimia 10 hivi. Sehemu 86 kwa 100 ya chakula chao ilitoka kwenye mimea.

Utafiti ule ulipima sahani, haukupima choo, kwa hiyo haisemi kitu juu ya bakteria. Lakini kwa anayesema mchezaji wa kweli hali bukari, nadhani watu hao 10 wanatosha kumjibu.

Kiungo kati ya sahani na bakteria nilikipata Tanzania, upande wa Moshi, chini ya Kilimanjaro. Quirijn de Mast wa hospitali ya Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, pamoja na wenzake wa hospitali ya KCMC walichukua wanaume 77 wenye afya. (Ndiyo, wanaume peke yao. Nami nilikunja uso.) Wale wa kijijini waliozoea ndizi, maharagi, mboga na nafaka walipewa kwa majuma mawili chakula cha mjini: mkate mweupe, soseji, viazi vya kukaanga. Wale wa mjini wakapewa chakula cha kijijini. Kundi la tatu walikunywa mbege, kinywaji cha Wachaga kinachochachushwa kwa ndizi na ulezi, kwa juma moja. Matokeo yalitoka mwaka 2025. Waliohamia kwenye mkate na soseji, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani, na askari wa mwili wakawa wazito kupambana na vijidudu. Walioelekea kwenye chakula cha asili, na wale wa mbege, mambo yakaenda kinyume chake, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo majuma manne baadaye.

Majuma mawili tu, wamama. Watu wale hawakuwa wachezaji. Lakini uvimbe wa ndani ndiyo jambo ambalo mchezaji analikimbia zaidi, kwa sababu mwili unaopigana wenyewe kwa wenyewe hauna nafasi ya kujijenga baada ya mazoezi.

Na wanawake je? Mwanzoni mwa mwaka 2025, jarida la Nature lilitoa hesabu ya bakteria wa tumboni wa wanawake 1,801 kutoka Burkina Faso, Ghana, Kenya na Afrika Kusini, na ndani yao mkakutwa bakteria wengi ambao hawakuwa kwenye orodha yoyote ya dunia. Kongo haimo katika nchi hizo nne. Wanawake hao walikuwa watu wazima, si wachezaji. Wasichana waliobeba kombe kule Morocco, waliolelewa kwa sombe na ndakala, wangekuwa na mengi ya kuwafundisha Boston. Tunacho Chuo Kikuu cha Lubumbashi, tuna klabu iliyotwaa kombe la Afrika la wanaume mara tano, na mwaka 2024 tulipata mabingwa wanawake. Kama kuna mzazi mwenye mtoto anayetafuta kichwa cha kazi ya mwisho ya masomo, hicho hapo bure.

Sasa mtungi wetu wenyewe. Munkoyo haina haja ya kunadiwa hapa Katanga, ila watoto wetu wanaionea haya. Wanataka kile cha kwenye kopo la bati chenye kafeini, ambacho madaktari wa watoto wa Marekani tangu mwaka 2011 wanasema hakifai kwa watoto hata kidogo. Munkoyo ni uji mwepesi wa mahindi uliopikwa, ukaachwa upoe, ukatiwa mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Mizizi hiyo inavunja wanga, ndiyo maana uji mzito unageuka kuwa kama maji ndani ya saa chache. Halafu bakteria wa maziwa mgando, ni ndugu wa wale, wanaingia kazini usiku kucha na kuleta ule uchachu. Watafiti waliochunguza munkoyo ya jirani zetu wa Zambia, pamoja na wenzao wa Uholanzi, waliwakuta bakteria hao wakitawala kinywaji chote.

Lakini nisiwadanganye. Munkoyo iliyoongezewa maji ya kisima yasiyochemshwa ni mlango wa kipindupindu, na sisi tunakijua kipindupindu. Maji yachemke, mtungi uoshwe kwa maji ya moto, na kipimo cha sukari kiwe cha mkono wa mama, si cha mchuuzi. Ikikaa siku nyingi inaanza kulevya. Hiyo si ya mtoto. Na mboga mnazonunua, ulizeni zinatoka bustani ya wapi. Wataalamu wa hapa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, wamekwisha kuonyesha kwamba udongo na vumbi la karibu na migodi vinaingiza kobalti mwilini, na mboga ni njia mojawapo. Majani yaoshwe mara mbili, mara tatu.

Juma lilipoisha nilikwenda kwa yule mama nyumbani kwake. Nilimwambia unga wa kopo si sumu. Ni protini, na protini mtoto anaipata kwenye maharagi, ndakala, karanga na yai. Ila kopo halina nyuzinyuzi, kwa hiyo wapangaji wa tumboni linawaacha na njaa. Tena hakuna anayejua kwa hakika kilichomo. Shirika la WADA, linalopambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni, linawaonya wachezaji wakubwa juu ya makopo ya namna hiyo kwa sababu mengine yana vitu ambavyo havikuandikwa nje.

Akanyamaza. Kisha akasema jambo lililokuwa moyoni mwake tangu mwanzo, na amenikubalia niliandike bila jina. Binti yake hajaona siku zake kwa miezi mitatu. Yeye alidhani ni mimba. Alimgombeza, baba alimpiga, mtoto analia na kuapa kwamba hajui mwanaume. Walinunua kipimo, hakuna mimba, na bado nyumbani hawasemezani.

Nikamuuliza mtoto anakula nini. Asubuhi kikombe cha unga wa kopo. Mchana matunda kama yapo. Jioni kikombe kingine. Bukari ameacha kabisa tangu alipoambiwa inatia uzito. Na mazoezi siku tano kwa juma.

Wamama, hili lina jina. Mwaka 2014 Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa iliwaandikia madaktari wa michezo juu yake: mwili unaotumia nguvu nyingi kuliko unayopokea unaanza kufunga vyumba kimoja kimoja ili uokoe moto. Kwa msichana, chumba cha kwanza kufungwa mara nyingi ni kile cha siku za mwezi. Baadaye mifupa inapungua nguvu, inavunjika kwa jambo dogo. Halafu mchezo wenyewe unashuka, na mwalimu anasema ongeza mazoezi. Mabingwa wa Ulaya na Marekani wamepita humo, si watoto wa Luano peke yao. Siku zikikata inaweza pia kuwa sababu nyingine, ndiyo maana lazima aonwe na daktari.

Juzi tulimpeleka kituo cha afya, mama yake na mimi. Wamechukua damu, tunangoja majibu. Mkunga aliyetupokea alimwambia baba mbele yetu sote kwamba mtoto alikuwa anasema kweli, na baba akatoka nje, akakaa muda mrefu kwenye kibaraza kabla hajarudi kumwita binti yake kwa jina.

Jana jioni nilipita pale tena. Binti alikuwa ameketi na sahani ya bukari, sombe na ndakala, anakula polepole kama mtu anayetoka homa, na mdogo wake anamchungulia kama atabakiza. Lile kopo lipo bado juu ya kabati, nusu limejaa. Mama anataka kulirudisha dukani apewe fedha yake. Nimemwambia ajaribu.